Shajara ya mradi: litografia ya askari wa miguu wa Kituruki, karne ya 19

Jumatatu. Hali ilivyo kabla ya kuguswa

Litografia ni picha inayochorwa kwenye jiwe kisha kuchapwa karatasini. Karatasi yetu ina urefu wa sentimita 38 na upana wa 29. Picha yenyewe, bila maandishi, ni 27 kwa 21. Askari watatu wamesimama uwanjani, nyuma yao mahema mawili na mstari wa vilima. Wamevaa tarbushi, makoti mafupi ya buluu na suruali nyekundu. Chini ya kila mmoja kimeandikwa cheo cha Kituruki kwa tahajia ya Kifaransa: Nefer, Onbachi, Tchaouch, yaani askari wa kawaida, koplo na sajini. Katikati pana kichwa cha picha, Armée turque, Infanterie, yaani jeshi la Kituruki, askari wa miguu. Ukingo wa chini ulikatwa kwa mkasi zamani, na kwenye pembe ya kulia zimebaki herufi "Imp. Lem" tu (Imp. ni kifupi cha Kifaransa kinachotangulia jina la mchapaji). Jina la mchoraji, ambalo kwa desturi ya chapa hizi hukaa kushoto, limekwenda na kipande kilichokatwa.

(Vyeo hivyo havitakuwa vigeni kwa anayeijua historia ya pwani yetu. Ombasha na shaush walikuwamo katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, kwa kuwa askari wengi wa mwanzo wa kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann, mwaka 1889, walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki.)

Kasoro zilizoandikwa: karatasi nzima imebandikwa kwa gundi kwenye kadibodi ya rangi ya kahawia, mstari mweusi-mweusi umezunguka picha pale lilipokaa dirisha la fremu ya zamani, kuna mpasuko wa sentimita 4 upande wa kulia chini, umezibwa kwa selotepu iliyogeuka njano, madoa madogo ya kutu yametapakaa angani, vumbi kote. Wadudu wamekwangua uso wa karatasi kwenye pembe ya juu kushoto, ila hawakufika kwenye picha.

Swali linaloongoza kazi yote ni moja: kipi kilitoka kwenye jiwe, na kipi kilitoka kwenye brashi? Wino wa jiwe ni wa mafuta, hauogopi maji. Rangi ya brashi ni ya maji, ikilowa inakimbia. Hata tarehe ya picha inategemea jibu hilo hilo, kama itakavyoonekana mbele. Leo hakuna maji wala dawa yoyote. Picha zimepigwa mbele, nyuma, kwa taa ya ubavuni, na chini ya taa ya urujuanimno.

Taa ya urujuanimno imetupa jambo la kwanza la uhakika. Karatasi haikung'aa kwa weupe wa buluu. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha ambayo chini ya taa hiyo huwaka kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Kutowaka peke yake hakuthibitishi kwamba karatasi ni ya karne ya 19, lakini ingewaka tungefunga daftari hapo hapo.

Jumanne. Lenzi

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kwa kazi hii; ya mara 30 ni kwa kuhakikisha. Vitu vinavyotafutwa ni hivi. Chapa ya offseti ya kisasa ina vidoti vilivyopangwa kwa mistari, vya rangi nne, vinavyounda viduara kama vya ua. Chapa ya bamba la shaba au chuma ina mistari inayoanza nyembamba, inanenepa, inaishia nyembamba, na ukipitisha kidole ukingoni unakuta bonde lililoachwa na bamba. Litografia ya kalamu ya mafuta haina lolote kati ya hayo. Ina chembe zisizo na mpangilio, nzito penye kivuli, chache penye mwanga, kwa sababu kalamu inashika vilele vya jiwe lililosagwa na kuruka mabonde yake.

Askari wa kulia, shavuni chini ya jicho, chembe hizo zinaonekana wazi kabisa: nyeusi, zenye kingo zilizochakaa, na katikati yake weupe wa karatasi. Hakuna kidoti hata kimoja kilichopangwa. Hakuna bonde la bamba. Ni litografia.

Kanuni yake ni ile aliyoigundua Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Jiwe la chokaa, bora zaidi likiwa lile la Solnhofen, huchorwa kwa kalamu ya mafuta, kisha hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo ya nitriki. Pasipochorwa panapenda maji, palipochorwa panapenda mafuta. Jiwe hulowanishwa, roli ya wino hupita, wino unashika mchoro tu. Mchoro hutoka kinyume karatasini, kwa hiyo mchoraji analazimika kuchora kila kitu kigeuke jiweni.

Hapo ndipo chapa za kuibia hujulikana. Anayenakili picha ya mwenzake moja kwa moja juu ya jiwe bila kuigeuza hutoa askari wa mkono wa kushoto. Kwetu askari wa kati ana mikanda miwili myeupe inayopishana kifuani: mmoja unatoka bega la kulia na kubeba ala ya singe kwenye nyonga ya kushoto, mwingine unatoka bega la kushoto na kubeba bweta la risasi nyuma ya nyonga ya kulia. Ndivyo inavyotakiwa. Mchoro huu ulipangwa na mtu aliyejua kazi yake, au ulihamishwa jiweni kwa karatasi maalumu.

Jambo la pili kwenye lenzi ni kubwa zaidi kwa usalama wa picha. Anga na ardhi vina rangi ya hudhurungi hafifu, na wengi wakiiona wanadhani ni uchafu wa miaka. Si uchafu. Ni jiwe la pili. Katika miaka ya 1840 na 1850 wachapaji walipenda kuongeza jiwe moja la rangi hafifu chini ya mchoro mweusi. Dalili ni mbili: hudhurungi inakatika kwa mstari ulionyooka kabisa kwenye ukingo wa picha, na ndani ya mawingu pana mikwaruzo myeupe yenye ncha kali, ambapo mchapaji alikwangua jiwe ili karatasi ibaki nyeupe. Uchafu haukatiki kwa rula. Tumeshaona litografia za aina hii zilizotiwa jiki ili "zing'ae", na kilichobaki ni mchoro mweusi juu ya karatasi dhaifu inayovunjika kwenye kila kunjo, kwa sababu klorini inakula nyuzi za karatasi na haimaliziki kwa kusuuza.

Jambo la tatu ni rangi. Nyekundu ya suruali imevuka mstari mweusi wa goti kwa karibu milimita moja, na mwisho wake pana ukingo mzito ambapo maji ya brashi yalikaukia. Hiyo ni kazi ya mkono. Ingekuwa rangi ya mawe, kama ilivyofanywa tangu Godefroy Engelmann alipopata hataza yake ya kuchapa rangi kwa mawe mwaka 1837, tungeona chembe za kila rangi.

Jumatano. Sare

Hapa inabidi kusoma wino mweusi peke yake kwanza, kana kwamba rangi haipo.

Sultan Mahmud II wa Osmani, dola ya Kituruki ya wakati huo, alivunja jeshi la zamani la Yanisari mwezi Juni 1826. Yanisari walivaa kofia ndefu ya sufi yenye kitambaa kilichoning'inia mgongoni, kwa hiyo picha yetu ni ya baadaye. Tarbushi ilienea jeshini mwishoni mwa miaka ya 1820. Chini ya Abdülaziz, aliyetawala 1861 hadi 1876, vikosi kadhaa vilichukua mtindo wa Zuavu (askari wa Kifaransa wa Afrika Kaskazini), wenye kizibao kifupi na suruali pana ya mikunjo. Askari wetu wana koti la safu moja ya vifungo na suruali iliyonyooka, kwa hiyo wako katikati ya hizo mbili.

Juu ya tarbushi ya sajini, ambaye ameinamisha kichwa kidogo, kuna duara jembamba lenye weupe ulioachwa makusudi upande mmoja ili ling'ae. Ni kisahani cha shaba, na kishada kinatokea chini yake. Kisahani hicho kinajulikana katika picha za askari wa miguu wa Osmani wakati wa Vita vya Krimea, 1853 hadi 1856. Bunduki ya askari wa kushoto imeshikwa ubavu ukitazama mbele, na mtambo wake ni wa fataki: nyundo fupi yenye kichwa kilichoinama juu ya chuchu. Haina taya za kushika jiwe wala bamba la kugongea, kama ingekuwa gumegume. Hata hivyo bunduki tunaipa uzito mdogo. Mchoraji wa Paris aliweza kuazima bunduki yoyote ya karibu naye. Kisahani cha tarbushi asingekizua.

Sasa rangi. Suruali nyekundu ndiyo inayopotosha. Askari wa miguu wa Osmani wa wakati huo walivaa suruali ya buluu iliyoiva, au nyeupe majira ya joto. Suruali nyekundu ilikuwa ya askari wa miguu wa Ufaransa, tangu 1829. Mpakaji wa rangi katika karakana ya Paris, mwenye rundo la karatasi mbele yake na aliyepaka mamia ya askari wa kwao, ameendelea na nyekundu aliyoizoea.

Ushahidi uko chini ya rangi yenyewe. Nyekundu hii inapitisha mwanga, kwa hiyo chembe za kalamu zinaonekana ndani yake. Ukilinganisha paja la koplo na mkono wa koti lake, uzito wa chembe ni ule ule. Mchoraji aliweka kivuli kimoja kwa koti na suruali, maana yake aliona nguo mbili za rangi moja iliyoiva. Angeona nyekundu angeacha suruali nyepesi kuliko koti, kama wanavyofanya wachoraji wote wa sare za Kifaransa. Kwetu hili ni jambo zuri kuliko yote yaliyopatikana wiki hii.

Herufi "Imp. Lem" zinaelekea kwa karakana ya Lemercier, Paris, iliyochapa pia kazi za Jean Brindesi kuhusu mavazi ya Istanbul mwaka 1855 na za Amadeo Preziosi mwaka 1858. Tunaiandika kwa alama ya kuuliza, kwa kuwa herufi sita hazitoshi.

Alhamisi. Usafi mkavu na majaribio ya rangi

Vumbi lazima litoke kabla ya unyevu wowote. Likilowa linaingia ndani ya nyuzi na halitoki tena. Brashi laini pana, kutoka katikati kwenda nje. Kisha sponji ya mpira mkavu kwenye kingo zisizo na picha, kwa kugusa na kuinua, bila kusugua. Karibu na mpasuko mkono unaelekea kule mpasuko unakoishia, kamwe si kinyume chake, la sivyo mpasuko unaongezeka. Juu ya rangi hatukupitisha chochote isipokuwa brashi.

Majaribio: tone la maji yaliyokenekwa, dogo kama kichwa cha pini, linawekwa kwa brashi nyembamba pale pasipoonekana sana. Sekunde 30, kisha kipande cha karatasi ya kunyonya kinagandamizwa juu yake na kutazamwa kwa lenzi. Matokeo:

Wino mweusi: hautoki. Hudhurungi ya jiwe la pili: haitoki. Buluu ya makoti: inatoka kidogo sana. Nyekundu ya suruali na tarbushi: inatoka mara moja. Njano ya vifungo: inatoka. Mng'ao wa viatu na bweta la risasi: unayeyuka kabisa.

Huo mng'ao ni gundi ya mgunga, ile ile iliyotumika kwenye jiwe. Wapaka rangi waliipitisha juu ya sehemu nyeusi ili ziwe na kina. Kwa taa ya mbele haionekani. Kwa taa ya ubavuni viatu vinang'aa kama vimepigwa dawa. Chapa nyingi zimepoteza gundi hiyo kwenye bafu la maji, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwapo.

Uamuzi: hakuna bafu, hakuna kuelea juu ya maji. Pia hakuna maji ya chokaa wala dawa yoyote ya alkali ya kupunguza asidi. Buluu hii ina kila dalili ya buluu ya Prussia, na alkali huigeuza kuwa ya kahawia, bila kurudi. Nyekundu, ambayo inaelekea kuwa karmini ya wadudu, nayo husogea kwenye zambarau.

Ijumaa na kuendelea. Selotepu, kisha kadibodi

Selotepu imetangulia, kwa sababu gundi yake ikipata unyevu na shinikizo inazama zaidi. Utepe wa juu umetoka kwa spatula ya moto kiasi cha nyuzi joto 45, ukivutwa nyuma juu yake wenyewe karibu sambamba na karatasi. Kuuvuta juu moja kwa moja kunang'oa uso wa karatasi. Gundi iliyobaki imeviringishwa kwa kifutio cha krepu mpaka ikaacha kunata. Doa la njano limebaki. Kulifuata kwa kiyeyushi kungesogeza duara la doa hadi kwenye kiatu cha sajini, kwa hiyo linaachwa.

Kadibodi inaondolewa kutoka nyuma, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitambaa chembamba cha poliesta na karatasi nene laini. Huondoi picha kwenye kadibodi. Unaondoa kadibodi kwenye picha. Kadibodi ya aina hii ina tabaka kadhaa, na kila tabaka huchanwa kwa vipande vyembamba vya sambamba, spatula ikiwa imelala, mpaka libaki la mwisho. Hilo la mwisho halivutwi likiwa kavu.

Gundi iliyopo ilipimwa kwanza. Ukwangufu mdogo uliwekwa kwenye kioo, tone la iodini likawa buluu-nyeusi: ni wanga. Ingekuwa gundi ya mifupa, tungehitaji joto pia. Kwa wanga inatosha unyevu wa polepole, na njia iliyochaguliwa ni jeli ngumu ya agarozi (unga unaotokana na mwani) ya asilimia 4: gramu 4 kwa mililita 100 za maji, inachemshwa mpaka iwe angavu, inamiminwa kwenye trei kwa unene wa milimita 3, inaachwa igande. Inakatwa vipande vya sentimita 3 kwa 5. Kipande kimoja kinakaa dakika 10 hadi 12, kinainuliwa, na tabaka laini linasukumwa kwa spatula ya mfupa.

Kosa la kawaida ni kutengeneza jeli ya asilimia 1 au 2 ili ifanye kazi haraka. Inaachia maji mengi, maji yanavuka upande wa pili, na nyekundu inatoa kivuli cha waridi kuzunguka mguu. Kosa la pili ni kuweka vipande viwili vikigusana. Penye maungio unyevu unakuwa maradufu. Tunaacha nafasi, tunakausha, tunarudi kujaza. Nyuma ya suruali na tarbushi jeli inakaa dakika 6 tu, na kama tabaka halijalegea linakwanguliwa likiwa nusu kavu, hata likichukua asubuhi nzima.

Baada ya kadibodi kutoka, upande wa nyuma umeonyesha karatasi nzuri ya matambara, nyeupe kuliko mbele. Pia limeonekana jambo upande wa mbele lililokuwa limefichwa na mstari mweusi. Dirisha la fremu ya zamani lilikuwa dogo kuliko picha, likafunika ukanda wa milimita 6 wa askari wa kushoto. Ndani ya ukanda huo suruali yake ni nyekundu ya damu. Nje yake, sentimita moja kando, ni waridi. Hicho ndicho kipimo cha mwanga ambao picha hii imeshakula.

Kunyoosha na kuziba mpasuko

Karatasi imepewa unyevu wa mvuke tu, kati ya vitambaa vinavyopitisha mvuke na kuzuia maji, dakika 40, kisha ikawekwa kati ya karatasi za kunyonya na ubao wenye uzito. Karatasi za kunyonya zilibadilishwa baada ya saa moja, tena jioni, kisha kila siku mpaka zikawa hazina ubaridi mkononi.

Mpasuko umezibwa nyuma kwa karatasi ya Kijapani ya kozo, gramu 9 kwa mita ya mraba. Haikatwi kwa mkasi. Unachora mstari kwa brashi yenye maji, unavuta, nyuzi zinabaki kama nywele ukingoni na zinashika bila kufanya ngazi. Gundi ni wanga wa ngano ulioondolewa protini, si unga wa dukani: sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, moto mdogo, kukoroga dakika 35 bila kuacha, kupoa, kupitisha kwenye chujio mara tatu, kisha kuzimua mpaka ifanane na maziwa mazito. Inapakwa kwenye kozo, si kwenye picha, na inasubiri dakika moja ipungue maji. Ikiwekwa mbichi inaacha mstari wa kahawia pale maji yalipokomea, na mstari huo ukishakauka hautoki bila bafu, ambalo kwetu haliwezekani. Uzito wa kilo 1 juu yake usiku kucha.

Gundi hii hukaa siku chache kwenye jokofu. Kwa wenzetu wa Mombasa, Tanga au Unguja: pika kijiko kimoja, tumia siku hiyo, mwaga. Joto na unyevu wa pwani unaleta ukungu kabla harufu haijabadilika.

Kuiweka

Kadibodi ya pamba tupu, isiyotiwa chokaa kwa sababu ya ile buluu. Bawaba mbili za kozo juu, chini huru, ili karatasi ipumue unyevu ukipanda na kushuka. Dirisha jipya ni kubwa kuliko picha kwa milimita 5 kila upande, ukanda mwekundu uonekane wote. Kioo ni cha akriliki kinachozuia urujuanimno, na kuna nafasi ya milimita 4 kati yake na karatasi. Kikigusa, gundi ya mgunga iliyo juu ya viatu vya askari itanata.

Mwanga: lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), saa 8 kwa siku, siku 90, jumla 36,000 za lux-saa, kisha gizani. Unyevu wa hewa asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65 kwa siku kadhaa ukungu unaamka, na wanga tulioweka ni chakula chake. Mahali penye 75 au 80, kama nyumba nyingi za ufukweni, picha isitundikwe kwenye ukuta wa nje; ikae kwenye sanduku linalofunga vizuri lenye silika jeli, chembe zinazonyonya na kuachia unyevu, iliyoandaliwa kwa asilimia 50.

Maelezo yaliyoingia kwenye orodha: Askari wa miguu wa Osmani, takriban 1853–1860. Litografia ya kalamu, jiwe jeusi na jiwe la hudhurungi, imepakwa rangi ya maji na gundi ya mgunga kwa mkono. Paris, Lemercier (?). Mchoraji hajatajwa, ukingo umekatwa. Suruali nyekundu ni ya mpakaji wa rangi. Kivuli cha mchoro kinaonyesha nguo iliyoiva sawa na koti. Isitumike kama ushahidi wa rangi ya sare.